KARATASI YA MAABARA ISIVUNJE NYUMBA
(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mliokaa nyuma, usiku huu nataka tuzungumze juu ya damu.

Shuleni tumesoma: baba O, mama O, mtoto ni O. Sasa mtoto apimwe aonekane B, je? Maneno huanza: “Huyu si wako!” Mama analia, baba halali.

Basi sikilizeni. Kundi la damu halitokani na jeni moja pekee. Jeni za A, B na O ziko kwenye kromosomu ya 9. Lakini kuna jeni nyingine, H, kwenye kromosomu ya 19. H ndiyo huweka msingi juu ya chembe nyekundu. A na B huja kuongeza kila moja sukari yake juu ya msingi huo. Fundi wa ukuta yupo, mawe anayo, lakini msingi hakuna: atajenga wapi?

Mama akiwa amerithi H mbovu kwa wazazi wake wote wawili, jeni yake ya B haina pa kushika. Akipimwa kwa kawaida huonekana O. Lakini ile B anayo, na mwanawe aweza kuirithi. Mtoto akipata H nzima kwa baba, B hujitokeza. Baba ni yule yule!

Jambo hili lilielezwa mwaka 1952 na Dkt. Y. M. Bhende na wenzake mjini Bombay, India, ndiyo likaitwa aina ya Bombay. Huko India ni kama mtu 1 kati ya 10,000. Ulaya ni nadra zaidi. Huonekana zaidi pale jamaa wa karibu wanapooana.

Na hatari ipo: watu hawa hawafai kutiwa hata damu ya O ya kawaida, kwani miili yao huipiga vita ile H. Hupokea ya Bombay mwenzao tu.

Ndugu zangu, bedui mmoja alimshuku mkewe kwa rangi ya mtoto. Mtume (S.A.W.) akamkumbusha kwamba hata ngamia wekundu huzaa wa kijivu, kwa asili ya nyuma.

Basi kabla ya kumtuhumu mtu, rudia kipimo, maana maabara nayo hukosea. Muulize daktari. Shaka ikibaki, kuna kipimo cha DNA. Neno likishatoka halirudi.

Wabillahi taufiq.