Majina Yaliyobaki Kwenye Daftari

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuanzie mbali kidogo, kisha turudi hapa hapa Songea.

Wayahudi wa Afrika Mashariki hawakuwa wengi kamwe. Mwaka 1903 Uingereza iliwaahidi ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukaikataa. Hata hivyo wachache walikuja wenyewe, wakafungua sinagogi Nairobi mwaka 1913. Wengine walifika miaka ya 1930 wakimkimbia Hitler. Na kule Mbale, Uganda, wako Abayudaya, Waafrika wenzetu walioifuata dini hiyo pamoja na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Jamii ndogo namna hiyo ikitawanyika, historia yake hupotea upesi. Babu kazikwa Nairobi, mwana yuko London, mjukuu yuko Israel. Picha iko kwa huyu, cheti kiko kwa yule. Ndiyo maana Wayahudi wa nchi nyingi wanaweka kwenye intaneti majina yaliyo makaburini mwao. Huko Yerusalemu, taasisi ya Yad Vashem ilianza miaka ya 1950 kugawa fomu: kila anayemkumbuka mtu aliyeuawa na Wanazi aandike jina lake, wazazi wake na mji wake. Mwaka 2004 orodha ikaingizwa kwenye intaneti. Sasa ina majina zaidi ya milioni 4, kati ya watu milioni 6 waliouawa.

Haya, na sisi je?

Mashujaa walionyongwa hapa Februari 27, 1906, tunawaenzi kila mwaka. Lakini vita vya Majimaji havikuua kwa kamba tu. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Hao nani kawaandika? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini wakiwahoji wazee, kazi ya kusifiwa, lakini wazee wale wote wametutoka.

Siku moja nilikwenda kumwamkia mzee mmoja upande wa Peramiho. Baada ya ugali akatoa daftari. Marehemu baba yake aliandika humo ndugu wa ukoo waliokufa kwa njaa ile, hata watoto. Kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Palikuwa pia na kanda mbili za sauti ya baba huyo. Wajukuu wakarekodi muziki wa dansi juu yake. Sikuwalaumu. Nani aliwaambia kuna nini ndani?

Msidhani ni mambo ya kumbukumbu tu. Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama hapa Songea akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Miezi miwili kabla, watafiti wa Berlin walikuwa wametangaza kwamba mafuvu matatu kutoka Kilimanjaro yamepatiwa ndugu walio hai. Moja lilikuwa limeandikwa “Akida”. Neno hilo moja liliwaonyesha wapi pa kuuliza.

Kwa hiyo kijana mwenye simu na apige picha daftari la babu, ukurasa kwa ukurasa, lakini aombe ruhusa kwanza. Ziko habari za ukoo ambazo wazee hawapendi zitoke nje ya ukoo. Wala asitegemee intaneti peke yake. Tovuti isiyolipiwa ada hufungwa, na kila kilichomo kinakwenda nayo. Nakala moja ipelekwe Makumbusho ya Majimaji, si mbali.

Yule mzee nimemwahidi kurudi na mjukuu wangu, ambaye ana simu nzuri kuliko yangu. Ameniambia niwahi kabla ya mvua, maana paa la nyumba linavuja upande ule ule lilipo sanduku.