Petroli Iipasayo Motokaa ya Mbio

Wako wadhanio kwamba petroli yenye namba kubwa ya okteni ina nguvu zaidi. Sivyo. Namba hiyo hutujulisha jinsi petroli istahimilivyo kugandamizwa pasipo kuwaka yenyewe. Injini ya motokaa ya mbio hugandamiza sana petroli na hewa. Ikitiwa petroli ya namba ndogo, sehemu yake hulipuka ovyo, injini hugonga kama nyundo, na pistoni huweza kutoboka. Mwaka 1940 ndege za vita za Uingereza zilitumia petroli ya 100, injini zao zikaweza kusukumiwa hewa nyingi zaidi pasipo kudhurika. Basi na tukifuate kitabu cha motokaa: kikiamuru 98, tusitie 91 ili kuokoa senti, kikiamuru 91, kutia 98 ni kupoteza fedha. Aliyeiunda injini ndiye ajuaye chakula chake.