Mkufunzi Asishike Usukani

(Maneno tuliyowaambia walimu wa kujitolea wa darasa la kompyuta, katika ukumbi wa parokia)



Mlituomba tuseme juu ya kufundisha wanagenzi. Tutaanza mbali kidogo, kwenye mchezo wa ndege za vita. Msicheke. Tunajua wako watakaouliza, ati mchezo wa kupigana angani umefuata nini kanisani? Nasi tuliuliza hivyo hivyo siku kijana mmoja wa kituo chetu alipotuonyesha. Kupigana kwenyewe hakukutupendeza. Lakini alipotueleza jinsi wachezaji walivyojipanga kupokea wageni, hapo tulivuta viti tukaketi.

Mchezo huo ni Aces High, uliotengenezwa na HiTech Creations, kampuni ya Texas, Marekani, ukaanza kuchezwa karibu na mwaka 2000. Watu wa nchi mbalimbali hukutana kwa intaneti, kila mmoja na ndege yake ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Unayepambana naye ni mtu kama wewe, na pengine ameshacheza miaka kumi.

Sasa mfikirieni mgeni. Anapaa. Akimwona adui anamkimbilia, anavuta usukani kwa nguvu zote, ndege inapoteza mwendo, mabawa yanashindwa kuibeba, inaanguka ikizunguka kama pia. Asipoanguka mwenyewe, anatunguliwa na mtu aliyekuja nyuma yake, kwa sababu hakugeuka kutazama. Kijana wetu alisema usiku wa kwanza hakujua hata mara moja ni nani aliyempiga. Mtu wa namna hiyo hagombani na yeyote. Anazima kompyuta, harudi. Na mchezo wa watu wengi usiopata wageni hufa, maana wakongwe nao hupungua. Zamani ilikuwa vibaya zaidi: katika Air Warrior, uliochezwa kwenye mtandao wa GEnie mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walilipia kwa saa. Mgeni alikuwa akinunua kushindwa kwake kwa dola!

Basi katika Aces High kukatengwa uwanja wa mafunzo, mbali na vita, na wachezaji wenyewe wakajitolea kuwa wakufunzi. Si kila bingwa alifaa. Bingwa mwingine ukimuuliza amefanyaje, anakujibu, "Nilihisi tu." Huyo mwache akapigane.

Mkufunzi mwema aliruka kando ya mwanafunzi, akiongea naye kwa kinasa sauti, bila kumpiga risasi. Kwanza kupaa na kutua. Ndege yenye propela moja huvuta upande mmoja inapokimbia uwanjani, na hilo peke yake linaweza kumaliza kipindi kizima. Siku nyingine, kutazama nyuma. Halafu ndipo somo la kimo. Kimo ni akiba: ukishuka unakitumia kupata mwendo, ukipanda unakirudisha, na aliyemaliza vyote viwili hana la kufanya. Pia walitazama mtu amechagua ndege gani. Spitfire hukata kona vizuri. P-47 ni nzito, nguvu yake iko katika kushuka kwa kasi. Ukimfundisha wa P-47 kuzungukana na Spitfire umempoteza. Mwishowe waliitazama safari pamoja, kwa kuwa mchezo ule huweza kuhifadhi picha zake. "Hapa, ona, ulivuta mno."

Shida ilikuwa saa. Saa mbili usiku ya Texas, wakati wao wa baridi, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Kijana alikuwa akimwamsha mlinzi atufungulie kituo! Mkufunzi alipojua, alihamisha kipindi hadi Jumamosi saa tatu asubuhi yake, yaani saa kumi na mbili jioni yetu. Hakuna aliyemlazimisha.

Haya, turudi hapa. Mwaka jana akina mama wa kikundi cha akiba walianza darasa letu kwa furaha, wakapungua mmoja mmoja mpaka viti vikabaki vitupu. Tulisema wana kazi nyingi shambani. Tulipomtembelea mmoja wao, alituambia bila hasira, "Kule tunakwenda kutazama vijana wakicheza kompyuta." Ni kweli. Mama akikosea kidogo tu, mwalimu alishika kipanya: "Nipe nikuonyeshe, mama." Na hatukuwahi kuwauliza saa ipi inawafaa. Sisi ndio tuliopanga saa nane mchana, saa ya kuteka maji.

Wanne wamekubali kurudi Jumamosi ijayo, saa kumi. Kila mmoja apate mwalimu mmoja, aketi kando yake, mikono yake mapajani. Wiki ya kwanza ni kuwasha, kuandika jina na kuzima, basi. Orodha ya zamu iko hapa mezani na kalamu ipo. Anayejua hawezi kuzuia mikono yake, aandike jina upande wa kutengeneza mashine, tutamshukuru vilevile.