Chini kwa Chini: Mji na Maumbile kati ya Diani na Chale

Maji yakipwa, mtu anayekwenda Chale hahitaji mashua. Hupanda tela linalokokotwa na trekta, likapita juu ya mchanga na nyasi za bahari zilizolala, na baada ya dakika chache amefika kisiwani. Maji yakijaa, trekta hupumzika, mashua ikashika zamu. Upande mmoja wa kisiwa una hoteli iliyojengwa miaka ya 1990. Uliobaki ni msitu wa kaya, mahali ambapo Wadigo wamekuwa wakienda kuomba na kutambika tangu kabla lami haijafika Diani.

Ndani ya kisiwa mna kidimbwi cha mikoko kisicho na mlango wa baharini. Hakuna mkondo unaoingia wala unaotoka. Hata hivyo maji yake ni ya chumvi, kwa sababu bahari hukifikia chini kwa chini, ikipenya kwenye matundu ya mwamba, hasa wakati wa bamvua.

Mhadhara huu unaanzia kwenye kidimbwi hicho kwa kuwa kinaonyesha waziwazi jambo ambalo miji ya pwani ya kusini imelisahau. Wanaozungumzia miji na mazingira huzoea kuchora mstari: huku mji, kule maumbile, na kazi ya serikali ni kuulinda mstari usivukwe. Kati ya Diani na Chale mstari huo haupo. Ardhi yenyewe ni matumbawe ya kale, miamba iliyokua chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Ni jiwe jeupe lenye vitundu kama sifongo. Kinachomwagwa juu yake hushuka, na kinachoshuka hutokea mahali pengine.

Juu ya jiwe hilo watu wanaongezeka upesi. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 649,931 katika Kaunti ya Kwale. Ya 2019 ikahesabu 866,820. Ni ongezeko la thuluthi moja kwa miaka kumi, na wengi wa wanaokuja kutafuta riziki huishia Ukunda, kwenye njia panda ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga na ile inayoshuka bichi. Hoteli na nyumba za kifahari zimeshika ufuo. Wapishi, wasafishaji, waendesha bodaboda, wachongaji na wauza samaki wamepanga vyumba nyuma yake. Sasa barabara ya Dongo Kundu, pamoja na madaraja yake marefu ya Mwache na Mteza, imemwezesha mtu kutoka bara kufika Kwale bila kusubiri feri ya Likoni. Watakaokuja kujenga watakuwa wengi zaidi.

Kiwanja cha kawaida Ukunda ni futi 50 kwa 100, kipimo kinachotangazwa hadi kwenye milingoti ya umeme. Mwenye kiwanja hujenga safu ya vyumba vya kupangisha, akaacha uwanja mdogo katikati. Pembe moja fundi huchimba choo kwa mtaimbo na nyundo, akitoa jiwe vipande vipande. Pembe nyingine, hatua chache tu kutoka hapo, huchimbwa kisima. Jirani naye hufanya vivyo hivyo upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo kisima cha huyu huweza kuwa karibu zaidi na choo cha yule kuliko na choo chake mwenyewe. Asubuhi wapangaji huteka maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo, na mtungi wa maji ya bomba ukikosekana, huyanywa hayo hayo. Kwenye udongo mzito uchafu huchujwa polepole kabla haujafika mbali. Kwenye matumbawe maji hupita kama yapitavyo kwenye pakacha.

Mji huu umekua bila mabomba ya majitaka. Hoteli zina matangi na mitambo yao, nyingine nzuri, nyingine za kujikimu tu. Kwingineko ni choo cha shimo na lori la kunyonya. Maji ya bomba ya Ukunda na Diani nayo hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye visima vya Tiwi, mwendo mfupi kaskazini, vilivyochimbwa katika ukanda huo huo wa pwani. Vikivutwa kupita kiasi wakati wa kiangazi, maji matamu hupungua na chumvi hupanda kushika nafasi. Yasiyotekwa husukumwa na mteremko kuelekea baharini, yakibeba mbolea ya bustani, sabuni na vinyesi hadi kwenye wangwa na miamba hai, ambako mwani hunenepa na kuyafunika matumbawe. Matumbawe hayo yalishapata pigo kubwa mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda na sehemu kubwa ya miamba ya Kenya ikafa. Mwamba unaojaribu kupona haufai kuongezewa uchafu.

Mgeni anayelipa dola nyingi ili aogelee na mpangaji anayeteka kwa ndoo wanategemea maji ya jiwe moja. Kuta baina yao ni ndefu, na waya wa miba uko juu yake, lakini chini hakuna ukuta wowote.

Juu ya miti hali ni nyingine, na huko angalau watu wamefanya kazi ya kuonekana. Mbega wa Angola, mwenye manyoya meusi na mashungi meupe mabegani, nchini Kenya hupatikana pwani ya kusini tu. Hula majani, na tumbo lake limeumbwa kwa kazi hiyo. Barabara ya Diani ilipokata msitu vipande viwili, alilazimika kushuka lami na kukimbizana na matatu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la kuhifadhi mbega lenye makao yake Diani limekuwa likitundika ngazi juu ya barabara. Mbega hufika ncha ya tawi, mkia wenye ncha nyeupe ukining'inia, akaitazama ngazi kidogo, kisha akavuka taratibu, wakati mwingine na kitoto cheupe pe kikiwa kimemng'ang'ania kifuani. Chini yake tuktuk hupita bila kupunguza mwendo. Nyaya za umeme zimekuwa kifo cha wengine, ndiyo maana kuvika nyaya ngozi ya kuzuia umeme na kupogoa matawi yaliyozikaribia ni kazi isiyokwisha.

Taka nazo zina wanyama wake. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na akafika Mombasa katikati ya karne iliyofuata. Hukaa palipo na jaa. Akishashiba mabaki ya jikoni, huingia vichakani kuiba mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa njia hiyo ndoo isiyofunikwa nyuma ya hoteli hunyamazisha ndege wa msituni ambao mpishi hajawahi kuwaona.

Kijiji cha Gazi, karibu na Chale, kina ushahidi wa namna mji unavyoweza kula msitu ulio mbali nao. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwandani, za kuchomea chokaa na matofali. Nyumba zilizojengwa kwa chokaa na matofali hayo zilisimama kwingine. Pengo lilibaki Gazi. Mahali pengine mikoko haikuota tena yenyewe: mchanga ulifunika tope, mawimbi yakaanza kula ufuo, na samaki wachanga waliokuwa wakijificha kwenye mizizi wakakosa pa kukulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, akiwemo James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Upanzi wa mkoko si kuchomeka tu kijiti kwenye tope. Mkoko, mchu, muia, mkandaa na mlilana kila mmoja una mahali pake kulingana na maji yanavyojaa na kupwa, na ukikosea hatua chache miche yote hufa.

Kazi hiyo ilizaa Mikoko Pamoja, mradi uliozinduliwa mwaka 2013 na watu wa Gazi na Makongeni. Wanatunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo na zaidi na tope lililo chini yake. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina hiyo duniani kuendeshwa na jamii kwa mikoko. Fedha si nyingi, lakini wanakijiji wenyewe huamua matumizi, na zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mikoko Pamoja inafaa kuwekwa kando ya jambo lililotokea jirani kabisa. Katika miaka ya 1990 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale. Wavuvi wa Mwaepe, Mvuleni, Mwanyaza na madiko mengine hawakuikubali. Waliyajua ya Kisite, huko Shimoni, ambako bahari ilifungwa kwa wavuvi tangu miaka ya 1970, na waliona ufuo wao ukizungushiwa kuta na wenye hoteli. Kwao hifadhi ilikuwa ukuta mwingine, huu wa majini. Hawakukosea kuwa na shaka. Hifadhi ikabaki kwenye ramani bila mlinzi. Baadaye, vikundi vya kusimamia fuo vilipopewa nguvu kisheria, wavuvi wa pwani walianza kutenga maeneo madogo wanayoyaita tengefu, wakayalinda wao wenyewe dhidi ya juya na nyavu ndogo.

Kaya ni utaratibu wa namna hiyo, ila mkongwe zaidi. Kaya Kinondo, hekta 30 hivi kusini mwa Diani inayojengwa kila siku, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda tangu mwaka 2008. Anayeingia hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na haruhusiwi kutoka na chochote, hata kijiti kikavu. Miti iliyotoweka kwingine imebaki hapo. Huko Chale wazee walipinga ujenzi lakini hawakusikizwa, na leo kisiwa kimegawika.

Kama kaunti inataka kujua ianzie wapi, ianzie kwenye majitaka, kabla ya taa za barabarani na kabla ya mnara wowote wa kukaribisha watalii. Anayeomba kibali cha kujenga aulizwe maji yake machafu yataishia wapi, aonyeshe, na akaguliwe. Wavuvi, wazee wa kaya na wapangaji wa Ukunda wawe mezani wakati ramani ya mji inachorwa, si baada ya kuchorwa, kwa kuwa ndio wanaojua kisima kipi kimegeuka chumvi na mwaka gani. Madaraja ya Dongo Kundu yamekwisha kujengwa. Mabomba bado.

Bamvua ijayo, maji yatapanda tena kwenye kidimbwi cha Chale bila mtu kuona yanakopita. Saa hiyo hiyo, katika visima vilivyo karibu na bichi, ndoo itayafikia maji mapema kidogo kuliko jana.