Siku Tatu Katika Mji wa London



Jioni hii tumekusudia kusema nanyi juu ya jambo liwapatalo watu wengi wa kwetu, nalo ni kujikuta una siku mbili au tatu tu katika mji mkubwa wa ugenini. Mmoja alipelekwa na kazi. Mkutano wake umekwisha Alhamisi, na ndege yake haiondoki mpaka Jumapili. Mwingine amekwenda kumtazama mwanawe aliye chuoni. Wa tatu ni baharia ambaye meli yake inapakua shehena Tilbury. Kwa wengi wao safari hiyo haitakuwa na ya pili. Nauli ni ghali, ruhusa ya kuingia hupatikana kwa taabu, na nyumbani wako watu wanaongoja kuuliza, "Haya, uliona nini?" Tumewasikia wengi wakijibu swali hilo, na majibu yao yalikuwa haba: waliona maduka, na umati wa watu, na ngazi zinazopanda zenyewe. Si kwamba hawakuwa na macho. Siku zao zilipotea njiani. Twataka kuonyesha namna ya kuziokoa, na mji tutakaoutolea mfano ni London, kwa kuwa watu wa Afrika ya Mashariki huufikia mara kwa mara.

Mpotezaji wa kwanza wa siku ni reli ya chini ya ardhi. Hatuitukani, ilifunguliwa mwaka 1863, ikawa ya kwanza ya namna yake duniani, na kwa mwendo mrefu hapana chombo kilicho bora. Lakini mgeni huishika ramani yake kama kwamba ni ramani ya mji, nayo siyo. Ramani hiyo ilibuniwa na Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kihandisi, ikatolewa kwa watu mwaka 1933. Yeye aliona kwamba abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali. Ana haja ya kujua stesheni ipi yafuata ipi na wapi abadili gari. Basi akanyosha njia zote na kuzipanga stesheni kwa nafasi zilizokaribia kulingana. Ni kazi ya akili sana, ila humdanganya mgeni. Kutoka Leicester Square hata Covent Garden hazitimii mita 300, yaani mwendo wa kutoka msikitini hadi sokoni katika miji yetu. Na bado kila siku wako watu wanaolipa nauli, wakashuka chini, wakangoja, wakapanda tena juu, ili kuumaliza mwendo huo. Wametumia robo saa, na kilichoonekana ni ukuta mweusi.

Twawashauri mpande mabasi mekundu, mkae ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Hapo mji mzima hupita mbele ya macho kwa nauli ndogo. Fahamuni tu kwamba tangu mwaka 2014 mabasi hayo hayapokei fedha taslimu. Hulipwa kwa kadi. Magari ya Uingereza hupita upande wa kushoto kama ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, ambao magari yao hupita kulia, yawapasa wajihadhari kabla ya kuvuka njia.

Jambo la pili ni jua. Sisi tukaao karibu na ikweta tumezoea jua lichomozalo na kutua kwa saa zile zile mwaka mzima, hata hatulifikirii. London sivyo. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha tua. Mwezi wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, likatua baada ya saa tatu usiku. (Saa tunazotaja ni za Kiswahili, mkiambiwa na mwenyeji mje saa tisa asubuhi, ndiyo saa tatu yetu, na mkifika alasiri mtamkuta amekasirika.) Basi anayekwenda wakati wa baridi ana saa nane tu za mwanga. Na azitumie nje, majumba ayaachie giza na mvua.

Na huko nje aende wapi? Aufuate mto. Watu husema London ni mji usio na mpango, na kwa njia zake ni kweli. Lakini una mto, nao ndio uliouleta mji. Warumi waliujenga karibu na mwaka 50, mahali ambapo Thames ungali mwembamba wa kutosha kujengewa daraja, na hapo hapo maji ya bahari yalikuwa yakisukuma vyombo mpaka ndani. Mtu wa Lamu au wa Kilwa atalitambua jambo hili kuliko mtalii wa nchi kavu. Asimame asubuhi juu ya daraja la London aone tope na mawe, arudi baada ya saa sita aone maji yamejaa. Kupwa na kujaa kwake wakati wa bamvua hupita mita 6, nasi kwetu Mombasa na Unguja hayafikii mita 5. Jahazi lilingoja maji likapanda nayo. Hiyo ndiyo asili ya utajiri wote ule wa mawe.

Anzeni penye daraja la Westminster, mshike ukingo wa kusini, mwende kwa miguu mpaka Tower Bridge, lile daraja lililofunguliwa mwaka 1894 ambalo sakafu yake hupasuka katikati ikainuka ili meli ipite. Mwendo ni kama kilomita 4 au 5, nanyi mwaweza kuumaliza kwa asubuhi moja bila kukimbia. Njiani mtaona, ng'ambo ya mto, kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo, alilolijenga Christopher Wren baada ya moto wa mwaka 1666 kuliteketeza lililotangulia. Na mwisho mtaiona ngome ya Tower, ambayo mnara wake mweupe ulianzwa na Mfalme William aliyeishinda nchi mwaka 1066. Miaka elfu ya mji imepangwa ukingoni kama bidhaa gengeni.

Majumba ya ndani yako mengi mno. Shauri letu ni moja kwa siku, wala si zaidi. British Museum, iliyoanzishwa mwaka 1753, haitozi kiingilio, na ina vitu kama milioni 8 vilivyohifadhiwa. Atakaye kuviona vyote atatoka na maumivu ya miguu tu. Chagueni vitu vitatu kabla ya kuingia. Sisi tungeanza kwa vibao vya shaba vya Benin, vilivyotwaliwa na askari wa Kiingereza mwaka 1897. Tazameni ufundi wake, kisha msome maelezo ukutani, mfikiri wenyewe juu ya mabishano yaliyopo kuhusu kurudishwa kwake.

Lakini kama mna nafasi ya jumba moja tu katika siku zote tatu, ingieni kanisa kuu la Westminster. Kiingilio chake si kidogo, nasi hatuombi radhi kwa kuwashauri mkilipe. Wageni wengi huenda kutazama makaburi ya wafalme. Ninyi tafuteni, katikati ya ukumbi mkubwa wa kanisa, jiwe jeusi sakafuni. Chini yake amelala David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Wenzi wake wa safari waliuzika moyo wake pale pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga katika magome, wakauchukua mabegani zaidi ya maili 1,000 mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Walipita katika njaa na maradhi, na baadhi yao walikufa njiani. Abdallah Susi na James Chuma ndio waliouongoza msafara. Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa akakombolewa na kusomeshwa India, alisafiri na jeneza hata Uingereza, na siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874, alikuwa miongoni mwa waliolishika. Susi na Chuma walifika nchi hiyo baada ya maziko kwisha.

Maandishi ya jiwe lile yasema kwamba mikono ya uaminifu ilimleta kuvuka nchi na bahari. Majina ya wenye mikono hayakuandikwa. Msafiri wa kwetu asimamaye pale ana habari ambayo wengi wa wanaompita hawana, na twaona inafaa ayataje majina hayo, japo kwa sauti ya chini.

Siku ya tatu, kama mvua imekatika, pandeni chombo cha abiria Westminster mteremke nacho hata Greenwich, mwendo wa kama saa moja. Nyumba ya kutazamia nyota iliyo juu ya kilima iliwekwa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1675, na mwaka 1884 mkutano wa mataifa uliofanywa Washington ulikubali mstari wake uwe mwanzo wa kuhesabia longitudo. Ndiyo sababu saa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam husemwa kuwa mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Kuukanyaga mstari hulipiwa. Kuutazama mji mzima kutoka kilimani ni bure, nasi twapenda zaidi kuutazama mji.

Usiku, kabla ya kulala, andikeni. Sayyid Barghash bin Said wa Unguja alipozuru Uingereza mwaka 1875, habari za safari yake ziliandikwa na katibu wake Zahir bin Said, zikapigwa chapa kwa Kiarabu. Ninyi hamna katibu, lakini daftari dogo latosha: mlipita wapi, nani alisema nini, chakula kilikuwa bei gani. Picha za simu ni nyingi na hazisemi.

Na siku ya kuondoka msijaribu kupenyeza jambo moja la mwisho. Uwanja wa Heathrow uko kama kilomita 24 magharibi ya katikati ya mji, na safu za ukaguzi ni ndefu. Tokeni hotelini saa nne nzima kabla ya ndege kuruka, na lile daftari mlitie mfukoni, si katika sanduku.