UPINDE NA KIPIMO CHA MWENYEWE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila kitu kwa kipimo; na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad. Ama baada ya hayo: kupiga upinde ni mchezo wenye heshima. Saad bin Abi Waqqas alisifika kwa mishale yake siku ya Uhud, mwaka 625. Wala jambo hili si geni katika Rwanda, maana vijana wa itorero walifundishwa tangu zamani kumasha, yaani kulenga shabaha kwa upinde. Na Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 imepangiwa shindano la upinde wa kapi, kwa timu za mwanamume na mwanamke.

Upinde wa wazee ulikuwa mti na upote wake tu. Mwenye mkono mfupi aliuvuta kidogo, mwenye mkono mrefu akauvuta zaidi. Upinde wa kapi, aliouvumbua Mmarekani Holless Wilbur Allen akapewa hataza yake mwaka 1969, una tabia nyingine. Kapi zilizo nchani humpunguzia mpigaji uzito: upinde wa ratili 60 wenye punguzo la asilimia 80 humwachia ratili 12 tu za kushikilia anapolenga. Lakini kapi hizo hizo huukomesha upote mahali palipopangwa, wala hauvutiki zaidi ya hapo. Basi upinde wa zamani ulimfuata mtu. Huu wa sasa, usipochaguliwa vema, humlazimisha mtu aufuate.

Hapo ndipo penye taabu ya kijana mwenye mikono mirefu. Pinde nyingi hukomea inchi 30 au 31. Kwanza, basi, na apimwe. Asimame, anyoshe mikono yote miwili pasipo kujikaza, ipimwe toka ncha ya kidole cha kati hata ncha ya kidole cha pili, kisha hesabu igawanywe kwa 2.5. Mwenye inchi 70 hupata mvuto wa 28. Mwenye inchi 80 hupata 32. Huyu wa pili akipewa upinde wa 30, kiwiko chake hakitakaa sawa na mshale, naye ataikunja mikono na kuliinamisha shingo lake. Atalaumiwa kuwa hana shabaha, na kosa ni la upinde.

Pili, urefu wa upinde wenyewe, toka kapi hata kapi. Upinde mfupi ukivutwa sana, upote hufanya pembe kali, uso ukalazimika kuutafuta. Kwa mrefu yafaa inchi 34 hata 38. Tatu, mshale. Mshale mrefu hupindika zaidi, kwa hiyo uwe mgumu zaidi. Na ye yote asimpe mrefu mshale wa mfupi: ncha ikirudi nyuma ya kitegemeo chake, mshale waweza kuanguka na kuuchoma mkono ulioshika upinde.

Wala urefu usiwe sababu ya kiburi. Mvuto mrefu huusukuma mshale kwa masafa makubwa zaidi, basi hupata nguvu hata kwa ratili chache. Hana haja ya kushindana kwa uzito na kuyaumiza mabega. Tena asizidishe kipimo. Upinde uliopita urefu wake humfanya aegemee nyuma, na upote humchapa mkono.

Jumuiya inayotaka kuwanunulia vijana wake upinde mmoja, hapana budi iwapime wote kwanza, iandike hesabu zao, kisha itafute upinde ambao kapi zake hurekebishwa toka aliye mfupi hata aliye mrefu. Usipopatikana, ni heri pinde mbili za bei nafuu kuliko mmoja wa fahari unaowafaa wachache. Kila ndege huruka kwa ubawa wake; na kumpa mtu kipimo kisicho chake, hata kwa nia njema, ni kumdhulumu.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wa Rusizi afya, adabu na shabaha njema. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum.