Kosa Lisilotiwa Wino Mwekundu



Malawi haikichezei Kiingereza. Katiba ya 1994, mwaka uleule kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka ilipofunguliwa, inamtaka mgombea ubunge akizungumze na kukisoma kiasi cha kushiriki shughuli za Bunge. Sheria ya Elimu ya 2013 ikakifanya lugha ya kufundishia. Mtoto aliyetoka Kivu au Bujumbura, mwenye Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha darasa la kwanza na Chichewa cha sokoni, hana pa kukikwepa.

Basi sisi walimu tunasahihisha. Anaandika “informations” kwa wingi, kama Kifaransa kinavyoruhusu. Anaandika “I assisted the meeting” akimaanisha alihudhuria mkutano, nako ni Kifaransa kilichovaa kanzu ya Kiingereza. “I have twenty years” ina wazazi wawili, maana Mswahili na Mfaransa wote huwa “na” miaka. Tahajia nayo ina vituko vyake: herufi b ya “debt” ilichomekwa na wasomi waliotaka neno lifanane na Kilatini, na Waingereza wenyewe hawaitamki. Anayeiacha anaandika anachosikia. Makosa haya yanapunguza alama, lakini msomaji anaelewa.

Hofu yangu ni sentensi tunazozipa alama ya vema.

Chukueni saa. Mtu anayeomba hifadhi anasimulia kwamba wenye silaha waliingia saa mbili usiku. Anaiandika: “They came at two o’clock at night.” Sarufi safi, tahajia safi. Ila Lilongwe saa mbili hiyo ni ya usiku wa manane, maana Mmalawi naye huhesabu saa kwa Kiingereza, husema “eyiti koloko” pale tunaposema saa mbili. Jirani yake akisimulia tukio hilohilo na kuandika “eight”, karatasi mbili zinazozungumzia usiku mmoja zinapishana kwa saa sita. Anayezisoma hafikirii saa ya Kiswahili. Anafikiria nani amedanganya.

Au jibu la swali lenye ukanushi. “You did not go back?” Hukurudi? Kwetu jibu la aliyekimbia moja kwa moja ni “ndiyo”, yaani umesema kweli, sikurudi. Akisema “yes” na kunyamaza, Mwingereza anaweza kuelewa kwamba alirudi. Na kurudi ulikokimbia ni jambo zito kwa anayeomba hifadhi, kwani huonekana kwamba hofu yake haikuwa kubwa. Silabi moja, wala hakuna mwalimu ambaye angeikata.

Baba mdogo tunamwita baba, kwa heshima na kwa ukweli. Lakini “my father” aliyefariki ukurasa wa kwanza, akamvusha mtoto mpakani katika ukurasa wa tatu, atazua maswali. Vivyo hivyo “alikamatwa”: kiambishi chetu a- hakiulizi mke au mume, na mama akigeuka “he” msomaji anaanza kumtafuta mwanamume ambaye hakuwapo.

Nitaambiwa kwamba mahojiano ya waomba hifadhi huwa na mkalimani. Ni kweli, na wapo hodari sana. Lakini barua za maombi, maelezo ya ufadhili wa masomo na fomu za hospitali mtu hujiandikia, au humwomba mwanawe aliye sekondari amwandikie. Mwanafunzi wetu ndiye mkalimani wa nyumba, tukipenda tusipende.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Mwanafunzi akiandika tukio, mwenzake achore kutokana na karatasi hiyo peke yake saa yenye mishale na mti wa ukoo. Mchoro ukitofautiana na alichokusudia mwandishi, sentensi irudi mezani hata kama sarufi yake haina doa. Na akijibu swali la “did you not”, asiishie kwenye neno moja. Aseme yote: “No, I did not go back.”